Kunguru wa Meru Ndogo na Meno Yangu

Meno yangu mawili ya mbele ni ya kuvaa na kuvua. Siri hiyo tulikuwa nayo watatu: mimi, mke wangu na daktari. Sasa wanaijua hata kunguru wa Hifadhi ya Taifa Arusha.

Meru Ndogo, kilele kidogo kando ya Mlima Meru, ina mita 3,820. Ukishafika kambi ya Saddle, mita 3,570, mwongozaji anakupandisha huko mchana ili mwili uzoee hewa nyepesi, kabla ya kwenda usiku kuikabili Meru yenyewe, mita 4,566. Ni mwendo wa saa moja hivi. Watu hukidharau hicho kilele hadi mapafu yaanze kudai haki zao. Mbele yetu alitangulia askari wa hifadhi na bunduki, maana mlima ule nyati wana njia zao na hawapishi mtu.

Kileleni nikajitafutia jiwe, Kilimanjaro ileee mashariki juu ya mawingu, nikatoa kashata. Sasa, kashata na meno ya bandia havipikiki chungu kimoja. Nikageukia pembeni kwa staha, nikayachomoa, nikayafunga kwenye tishu, nikayaweka kando.

Kunguru wa kule ni majitu, mdomo mnene, na baka jeupe kisogoni kama kola ya padri iliyogeuzwa. Mmoja alikuwa ananikodolea macho muda wote. Nikajua anaitaka kashata. Akabeba tishu.

"Afande! Rithathi! Piga rithathi!"

Askari akanitazama, akaitazama bunduki. "Mzee wangu, hii ni ya nyati."

Yule ndege akatua mwamba wa pili, akaikanyaga tishu, akaichana taratibu, akaanza kuyatafuna. Kiumbe asiye na jino hata moja, anatafuna meno yangu! Alipoona hayana ladha akayatupa katikati ya mawe.

Kundi zima likapiga magoti kuyasaka. Mtalii mmoja wa kundi jingine naye akajiunga, akidhani tumepoteza simu. Ndiye aliyeyaona, na ukelele wake nadhani ulifika kambini.

Jino moja lilikuwepo, la pili limeng'oka. Nikaomba tuendelee kulitafuta, mwongozaji akatazama saa.

"Kaka, sheria hairuhusu kuacha kitu chochote hifadhini. Ila hilo moja tutalifumbia macho."