Jibu Linapobaki Ndani ya Kundi

Ripoti ya mauzo ya duka moja la mtandaoni nililokuwa nikilihudumia ilikataa kulingana na fedha zilizoingia. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilijitokeza kila siku, na kila siku ilikuwa na kiasi chake. Baada ya kuhangaika kwa siku mbili niliuliza katika kundi la WhatsApp la wasanidi programu, na kabla ya robo saa kupita mwenzetu mmoja alinijibu kwa sentensi moja: angalia saa ya seva. Alikuwa amegusa penyewe. Hifadhidata ilikuwa ikikata siku kwa saa za UTC, yaani saa za marejeo za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, hivyo kila muamala uliofanyika baina ya saa sita usiku na saa tisa usiku uliingia katika hesabu ya siku iliyotangulia. Nilirekebisha mstari mmoja, nikashukuru, mazungumzo yakaendelea. Miezi kadhaa baadaye mtu mwingine aliuliza jambo lilelile katika kundi lilelile, na jibu nililopewa mimi lilikuwa limekwisha kufukiwa chini ya maelfu ya ujumbe, salamu na matangazo ya kazi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama tunafanya vyema kupeleka matatizo yetu kwenye makundi yaliyofungwa badala ya kuyaweka mahali pa wazi.

Wanaoyatetea makundi wana hoja nzito, nami sipendi ipuuzwe. Stack Overflow, tovuti ya wazi ya maswali na majibu ya wasanidi programu iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ilikusudiwa kuwa ghala la majibu ya kudumu, na ndiyo maana swali lililokwisha kuulizwa hufungwa na muulizaji huelekezwa kwenye swali la zamani. Utaratibu huo hulinda usafi wa ghala, lakini anayeanza kazi huona mlango umefungwa usoni pake. Zaidi ya hayo, uwanja wake mkuu ni wa Kiingereza. Yako matawi ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani, la Kiswahili halipo. Kijana anayelazimika kwanza kulitafsiri tatizo asilolielewa bado, kisha kulitetea mbele ya wageni wanaolipigia kura swali lake, mara nyingi huamua kunyamaza. Katika kundi huandika tu: "Wakuu, naomba msaada, malipo yanapita lakini mfumo haupati taarifa," na mtu humjibu. Tena mambo mengi yanayotukwamisha ni ya hapa kwetu. Anayeunganisha mfumo wake na M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, hana budi kujua kwamba namba ya mteja inayoanza na 07 hupelekwa ikianza na 2547, na kwamba anwani ya kupokelea taarifa ya malipo lazima ifikike kutoka kwenye intaneti, si ile ya kompyuta iliyo mezani pake. Aliyekwama hapo juzi hulieleza kwa sekunde chache.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama, na anayeilipa ni mtu asiyekuwepo. Mitambo ya kutafuta haioni yanayosemwa ndani ya WhatsApp. Ujumbe wa hitilafu ukitumwa kama picha ya skrini, hata walio ndani ya kundi hawataupata kwa kuutafuta kwa maneno. Pia kundi lililofungwa hutupa utulivu usio na msingi: nimeona watu wakibandika humo funguo za siri za mifumo na namba za simu za wateja, mambo ambayo wasingethubutu kuyaweka hadharani, ilhali katika kundi la watu mia tano hakuna siri.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wasanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia katika mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia katika kompyuta iliyo mbali, kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wangeipuuza nusu sekunde. Yeye aliipima kwa zana za kuchunguza mwenendo wa programu, akaunganisha na maonyo aliyokuwa ameyaona kwenye Valgrind, zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu ya programu, akafika hadi kwenye maktaba ya liblzma, sehemu ya programu za kubana mafaili ziitwazo XZ Utils, na kukuta mlango wa siri uliopenyezwa katika matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliwajulisha kwanza kwa faragha wahusika wa usalama, kisha tarehe 29 Machi akaueleza ulimwengu mzima hadharani, akiambatanisha vipimo vyake. Faragha ilikuwa na nafasi yake, lakini ilikuwa fupi na ilikuwa na sababu. Kilichowawezesha wataalamu wa nchi mbalimbali kuuchambua mlango ule ni ushahidi uliowekwa wazi.

Ushahidi huo hutoka kwenye zana, na hapa naona kasoro inayozikumba pande zote mbili: tunauliza kabla ya kuzitumia. Mimi mwenyewe ningeiuliza hifadhidata ni saa ngapi sasa, ningeliona jibu kabla ya kumsumbua mtu. Kosa likiwa limeingia mahali fulani katika mabadiliko 1,000 ya msimbo, amri ya git bisect, ya zana ya Git inayotunza historia ya msimbo, huligawa fungu nusu kwa nusu na kulipata kosa kwa majaribio kama 10. Anayeuliza baada ya hatua hizo huuliza swali jingine kabisa, fupi na lenye kujibika, iwe uwanjani au kundini.

Siku hizi wengi hawaulizi kokote. Huifungua ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, nayo huwajibu kwa Kiswahili, kwa upole na bila kuchoka. Mwezi uliofuata Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyoandikwa kwa chombo hicho kwa sababu mengi yalionekana sahihi bila kuwa sahihi. Zana hizi zimeboreka tangu wakati huo, nami ninazitumia. Linalonitia wasiwasi ni kwamba mazungumzo na akili mnemba ni kundi lililofungwa zaidi, kundi la mtu mmoja, wakati mifumo hiyo ilijifunza kutokana na maandishi ambayo wengine waliyaacha wazi. Tusipoandika hadharani kuhusu miamala yetu, namba zetu na saa zetu, sioni itajifunzia wapi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka makundi yaachwe. Mgeni na aulizie pale anapojisikia salama, kwa lugha anayoimudu. Ninachodai ni hatua moja zaidi: tatizo likitatuliwa, aliyesaidiwa aliandike mahali panapofikika, kwa maneno na si kwa picha, akiondoa funguo na namba za watu. Ile hitilafu ya saa 3 nimekwisha kuiandika, pamoja na mstari wa zamani na mstari mpya, na kichwa chake nimekipa maneno ambayo mtu angeyatafuta saa nane za usiku: ripoti ya mauzo hailingani na malipo.