Rembrandt ana wakemia, Tingatinga ana mafundi

Utafiti wangu wa uzamivu ulihusu makumbusho ya sanaa, nao niliufanya hapa Uholanzi, nusu katika historia ya sanaa, nusu katika maabara ya kemia. Ndugu zangu wa Dar wakiniuliza mambo hayo mawili yanakutana wapi, huwatajia De Nachtwacht, mchoro wa mwaka 1642 wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi, ulioko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Tangu 2019 unachunguzwa ndani ya chumba cha vioo, wageni wakitazama. Wakemia wanasoma rangi kwa eksirei, wataalamu wa kompyuta wameunganisha picha 8,439 za kamera kuwa moja, mafundi wa ukarabati wanakagua turubai, na wanahistoria wapo palepale. Hiki ndicho ninachokipenda huku: fundi anakaa meza moja na profesa, na neno lake lina uzito.

Sasa turudi nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ileile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Kazi yake ikapokewa na jamaa na wanafunzi wake, na mpaka leo inachorwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mkute fundi anapoanza: anapaka ubao mzima rangi moja, anauacha ukauke vizuri, ndipo anamweka chui na madoa yake, doa kwa doa. Muulize kuhusu rangi ya kopo na unyevu wa masika, naye atakueleza ipi inachelewa kukauka, ipi inapasuka, ipi inapauka ikikaa juani.

Hiyo ni kemia. Huku wanatumia mashine za bei mbaya kutafuta majibu ambayo mwanafunzi wa Rembrandt angeyatoa kwa dakika tano. Sisi waliorithi mkono wa Tingatinga tunao, wako hai, halafu tunawaita wachoraji wa watalii! Linaniuma sana hilo. Na watafiti wa huku wakija kwetu, mara nyingi wanamrekodi mzee saa mbili, kisha jina lake linaishia kwenye ukurasa wa shukrani. Mimi nasema aandikwe kama mtafiti mwenza, na alipwe kama mkemia anavyolipwa.

Wenzangu wengi wakifikiria makumbusho ya nyumbani wanaanza na mashine tusizonazo. Mimi ningeanza na makopo. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ina nafasi ya kuwaita mafundi wa Oysterbay, mkemia mmoja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, na mwanahistoria mmoja, waorodheshe rangi zilizokuwa zikiuzwa Dar miaka ya 1970, kila moja na tabia yake. Kazi hiyo haihitaji eksirei, ila haingoji pia, maana wazee wanaozikumbuka rangi hizo wanapungua.