Mtoto ajifunze kurusha akiwa amesimama

Mvua zikikata mwezi wa tano, viwanja vya shule hapa Mbeya vinakauka na kriketi inarudi. Kosa lilelile nalo linarudi. Mtoto ndiyo kwanza ameshika mpira, anapelekwa hatua ishirini nyuma na kuambiwa akimbie, arushe kwa nguvu zote. Anafika kwenye mstari wa kurushia hajui mkono uanzie wapi, anakunja kiwiko na kutupa kama anayepopoa parachichi. Kisha anaambiwa hawezi. Hilo linaniuma, kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Walimu wenzangu, mwondoleeni mbio. Mrushaji wa mkono wa kulia asimame ubavu, bega la kushoto lielekee wiketi, yaani fito tatu zinazolengwa, miguu ipishane kwa upana wa mabega. Kidole cha shahada na cha kati vikae juu, kimoja kila upande wa mshono, na dole gumba chini. Mpira ukae kwenye vidole, usizame kiganjani. Mkono wa kushoto upande juu kabisa, na macho yatazame shabaha kwa kupitia juu ya bega la kushoto. Mkono wa kulia uanzie kidevuni, ushuke kupita nyonga, uende nyuma, upande ukigusa sikio, mpira uachiwe juu. Wakati huohuo kiwiko cha kushoto kivutwe kwa nguvu kuelekea mbavu. Mkono uliorusha umalizie kwenye paja la kushoto, na mguu wa kulia upite mbele.

Kwa mwendo huo makosa yanajieleza yenyewe. Mpira ukidunda karibu na miguu yake, amechelewa kuuachia. Ukipaa juu ya kichwa cha mpigaji, ameuachia mapema. Ukiyumba kila upande, tazama mkono wa kushoto: karibu kila mara umeanguka mapema na kifua kimefunguka. Ukiongeza mbio hapo, huoni tena lipi limesababisha lipi. Na mgongo ndio unaolipa: nyonga zikielekea huku na mabega kule, mrushaji kijana wa kasi anaweza kupata ufa kwenye mifupa ya chini ya uti wa mgongo. Mipira 24 kwa siku inamtosha anayeanza.

Kuna wanaonikumbusha Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka, aliyechukua wiketi 800 za Test, yaani aliyewatoa wapigaji mara 800 katika mechi za kimataifa za siku kadhaa, na kiwiko kilichopinda. Sawa, lakini kiwiko chake hakikunyooka tangu kuzaliwa, na sheria haikatazi mkono uliopinda. Inakataza kuunyoosha baada ya kufika usawa wa bega, na kipimo cha mechi za kimataifa ni nyuzi 15. Mtoto anayepopoa anavuka hapo mbali sana.

Pichi kamili, yaani njia ya katikati ya uwanja kutoka wiketi hadi wiketi, ni mita 20.12. Anza na 14, weka kiroba cha mbolea kilichokunjuliwa mahali mpira unapotakiwa kudunda, kama mita nne mbele ya wiketi. Akikilenga mara nne kati ya sita, msogeze nyuma mita mbili. Mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme unatosha. Wa ngozi una gramu 156 hadi 163, na asubuhi ya baridi ya Juni, vidole vikiwa vimekufa ganzi, unaumiza anayedaka. Wapashe mikono kwanza.

Nakubali, watoto huchoka kusimama. Basi waongezewe hatua moja, kisha tatu. Mwendo ukishakaa, mtoto asimame kwenye mstari akiupa mgongo wiketi, akimbie kuelekea nje ya pichi kwa mwendo wake wa kawaida na arushe pale mwili unapotaka. Mwenzake achome kijiti pale mguu wa mbele ulipotua. Hapo ndipo aanzie mbio zake, na kila anaporusha mguu wa mbele utue na sehemu yake ibaki nyuma ya mstari, la sivyo ni nobo, yaani mpira usio halali. Vijiti vya wengi vitakuwa hatua saba tu kutoka kwenye mstari.