Utulivu Nilijifunza Nikiwa Nimekandamizwa Chini

Husemwa fulani ana moyo mtulivu na fulani ana papara, kana kwamba kila mtu alizaliwa na fungu lake. Nami niliamini hivyo mpaka jioni moja kwenye mkeka wa judo, mtu mzito kunizidi aliponiangusha chali, akanilalia kifuani na kuizungushia shingo yangu mkono.

Nilibana pumzi. Nikamsukuma kwa mikono yote miwili, nikarusha miguu huku na huko. Muda si muda nguvu zikaniishia, na yeye hata jasho hakuwa nalo. Alitulia tu pale juu. Kwenye mashindano, ukikandamizwa hivyo kwa sekunde 20 umeshindwa. Kwa aliye chini, sekunde hizo hazifiki mwisho.

Mwalimu hakuniambia nitulie. Sijamwona bado mtu aliyetulia kwa kuamriwa. Aliniambia nitoe pumzi. Nikaitoa polepole mpaka ikaisha, kifua kikalegea, na hapo nikahisi kwamba upande mmoja wa kiuno changu ulikuwa na nafasi ya kugeukia ubavu. Nafasi hiyo ilikuwepo tangu mwanzo. Hofu ndiyo iliyoificha.

Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, macho yanaganda kwenye kitu kimoja, vidole vinapoteza wepesi. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo. Pumzi, lakini, hukutii, na ukiitoa kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, moyo nao hushuka taratibu. Kulijua jambo hili ni rahisi. Kulikumbuka mtu akiwa amekukaba ndiko kunakotaka miezi ya mazoezi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba kata, yaani miondoko iliyopangwa na kurudiwa vilevile kila mara, peke yake inatosha kumjenga mtu. Kata nazipenda, zinafundisha umbo na umakini, ila ndani ya kata hakuna anayekupinga kwa dhati. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliziondoa mbinu za hatari kwenye randori, yale mazoezi ya kupambana kwa uhuru, ili watu wakabiliane kwa nguvu zao zote na kesho yake warudi wakiwa wazima. Kwangu huo ndio uamuzi wake mkubwa kuliko yote. Shinikizo likawa kitu cha kuzoewa, kidogokidogo, kila wiki.

Na kuna kugonga, yaani kumpiga mwenzako kidogo kwa kiganja kuonyesha kwamba umesalimu amri. Ukimgonga mwenzako mara mbili, anakuachia papo hapo, hakuna swali. Bila ruhusa hiyo, mwanafunzi hujifunza woga tu. Nimeona kumbi ambako wakongwe huwatwanga wageni na kuita hilo kukomaza moyo. Wageni wale wengi hawarudi, na wanaobaki hujifunza kuficha hofu yao, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kutulia. Linaniuma kila nikilikumbuka.

Je, utulivu wa mkekani unamfuata mtu hadi nje? Haumfuati wenyewe tu. Nimewajua wapiganaji hodari wanaolipuka kwa neno moja la dharau. Ninachokibeba mimi ni vitu viwili tu: kutoa pumzi, kisha kutafuta jambo moja dogo linalowezekana sasa hivi.

Mama alipougua ghafla, daktari alinieleza hali yake tukiwa tumesimama kwenye korido. Taya lilinikaza, masikio yakaziba, na nikautambua uzito ule ule wa kifuani. Nikatoa pumzi. Nikaomba kalamu. Mikono ilinitetemeka mpaka mwisho wa mazungumzo, lakini majina ya dawa zote tatu niliyaandika, na saa za kumpa, na swali moja ambalo daktari mwenyewe alikuwa hajalifikia.