Dola Ishirini za Karai

Nimelipa dola ishirini kuosha mchanga kwa karai. Mimi, mtoto wa Geita!

Ilikuwa Dawson City, Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, ambako mwezi Juni saa sita ya usiku bado kweupe. Mwongozaji alitugawia makarai ya plastiki na mchanga uliokwisha kutiwa chembe za dhahabu, asije mtu akaondoka mikono mitupu. Simu juu, picha, vigelegele. Nikajikuta nazungusha karai kama shangazi yangu anavyozungusha. Mwongozaji akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwetu ni kazi, tena ya kuvunja mgongo.

Mji wenyewe unapendeza, siwezi kubisha. Vibaraza vya mbao, njia za vumbi, nyumba za kale zilizoegemeana kama walevi kwa sababu barafu ya ardhini inayeyuka chini yake. Bondeni, marundo ya mawe yaliyoachwa na mitambo mikubwa ya dhahabu yamelala kilometa kwa kilometa.

Kilichonipandisha hasira ni hadithi. Dakika arobaini tumesimuliwa rashi ya Klondike, ule mbio wa watu kukimbilia dhahabu: dhahabu ilivyoonekana Agosti 1896, wanaume walivyopanda njia ya mlima ya Chilkoot na shehena ya chakula cha mwaka mzima, mji ulivyofika watu 30,000 hivi mwaka 1898, wengi wao wakikuta vitalu vyote vina wenyewe. Mashujaa! Na waliokuwa wanaishi pale? Sentensi moja, huku basi likiwashwa.

Basi ngoja niwasimulie mimi. Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa asili wa pale, walikuwa wakivua samoni mto Klondike unapoingia mto Yukon. Wageni wakafurika, na pombe yao na maradhi yao. Chifu Isaac akawahamishia watu wake Moosehide, kilometa chache kuteremka mto. Akaona hata huko hawako salama, vijana watasahau. Akachukua nyimbo na ngoma zao, akazipeleka kwa ndugu zao Alaska wawatunzie. Jamani. Mtu akikimbia huficha fedha, huficha ng'ombe. Huyu mzee alificha nyimbo! Na ndugu wakazitunza kweli, miongo na miongo, mpaka wenyewe walipozifuata.

Haya, nikubali: UNESCO iliiingiza Tr'ondëk-Klondike kwenye urithi wa dunia mwaka 2023, na safari hii hao wenyeji ndio kiini cha hadithi. Kituo chao cha utamaduni, Dänojà Zho, kinatazama mto palepale mjini. Basi letu halikusimama hapo. Lilisimama kwenye baa ambako unalipa unywe pombe yenye kidole cha mguu cha mtu, kimekaushwa. Sitanii. Foleni ilikuwa ndefu.

Dänojà Zho nilikwenda kesho yake, peke yangu, kwa miguu.

Usiku nikampigia shangazi kwa video, nikasogeza kichupa chenye dhahabu yangu karibu na kamera. Akakodoa macho, akakaa kimya kidogo.

"Hizo chembe tatu ndizo umelipia?"