Eti kemia ni mapambo

Nimetoka kusikiliza wasilisho la uigaji wa injini kwa kompyuta na hasira bado haijashuka. Picha zilikuwa safi kabisa: pistoni inapanda, rangi ya machungwa inatanda, watu wanapiga makofi. Mtu mmoja akauliza kemia iko wapi. Akajibiwa kwamba mafuta ni heptani (hidrokaboni ya kaboni saba) na mmenyuko ni mmoja tu: heptani na oksijeni zinaingia, kaboni dioksidi na maji vinatoka. Mengine ni mapambo.

Mapambo! Na kazi yenyewe ilikuwa kutabiri mchanganyiko utajiwasha lini bila cheche.

Mmenyuko mmoja wenye fomula ya Arrhenius unajua jambo moja: joto likipanda, kasi inapanda. Basi. Heptani haina habari na hilo. Anzia kwenye 650 K (kelvini), kila ukiongeza joto inawahi kuwaka. Ukifika kati ya 750 na 900 K hivi, kutegemea shinikizo, unaongeza joto nayo inachelewa. Naam, inachelewa! Sababu inajulikana. Kwenye joto la chini, heptani iliyonyang'anywa atomu ya hidrojeni inanasa oksijeni, inajikunja na kujichomoa hidrojeni nyingine mwilini mwake, inanasa oksijeni ya pili, halafu inavunjika na kumwaga radikali za OH, yaani vipande vya molekuli vyenye njaa ya kumenyuka, ambazo zinakwenda kushambulia heptani nyingine. Joto likizidi, ile oksijeni ya kwanza inabanduka mapema, mnyororo unakatika, na tunabaki na olefini (hidrokaboni yenye kifungo maradufu) pamoja na HO2, radikali mvivu. HO2 zinakutana na kutengeneza peroksidi ya hidrojeni, nayo inakaa tu inalimbikizana mpaka joto likaribie 1000 K ndipo ipasuke kuwa OH mbili. Hapo ndipo moto unapolipuka.

Sasa nionyeshe hayo yote yamekaa wapi kwenye mstari wako mmoja.

Haya, nakubali shingo upande: mwaka 1981 watafiti Westbrook na Dryer walionyesha kwamba mmenyuko mmoja, ukichaguliwa namba zake vizuri, unatoa kasi ya mwali (mwendo wa moto ukienea kwenye mchanganyiko) inayokubalika. Kasi ya mwali, bwana, si muda wa kujiwasha. Najua pia kwamba modeli kamili ya heptani, yenye mamia ya spishi (aina za molekuli na radikali) na maelfu ya mimenyuko, haiwezi kupakiwa kwenye kila chumba cha hesabu, yaani kila kipande kidogo ambacho kompyuta imeigawa silinda nzima, kompyuta italala. Ndiyo maana kuna modeli zilizopunguzwa, spishi makumi kadhaa tu, na njia ya joto la chini imebakizwa.

Wale wanaotumia GRI-Mech 3.0, modeli nyingine ya kemia ya mwako, kwa kila kinachowaka sitaki hata kuwaanza. Spishi 53, mimenyuko 325, imetengenezwa kwa gesi asilia. Heptani haimo.

Niliomba grafu moja tu: muda wa kujiwasha dhidi ya joto, kutoka 650 hadi 1200 K, shinikizo lilelile. Nikaambiwa haikuwa sehemu ya malengo ya utafiti.