Vigelegele vya Shangazi Birmingham

Shangazi alikuja kunitembelea Birmingham Machi 2024, akakuta baridi, Ramadhani, na mimi nina tiketi mbili za fainali za All England, mashindano ya badminton. Rafiki niliyemwekea ile ya pili aliniangusha dakika za mwisho, na singemwacha mama mtu mzima nyumbani peke yake na hita.

"Mpira wa vinyoya? Ule wanaopigapiga watoto uani?"

Nikamweleza kwamba mashindano haya yalianza 1899, kwamba kinyoya chenyewe kina manyoya 16 ya bata bukini na hakifiki gramu 6, na wale mabingwa wakikitandika smashi, jicho halikioni.

"Sasa kama hakionekani, twaenda kutazama nini?"

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, karibu na dari, katikati ya Waindonesia. Bendera nyekundu na nyeupe, vijiti vya plastiki vilivyojazwa upepo, kina mama na mitandio yao, na wengi wao wamefunga. Shangazi akajiona amefika kwao. Hata hajakaa vizuri, ameshaitikia salamu za safu nzima.

Fainali ya wanaume mmoja kwa mmoja ilikuwa kati ya Jonatan Christie na Anthony Sinisuka Ginting, wote wa Indonesia, jambo ambalo All England haikuwa imeliona tangu 1994.

"Wetu ni yupi?"

"Wote wawili, Shangazi."

"Na wa kuzomewa?"

"Hakuna."

"Basi mie nashangilia kila kitu."

Na kweli. Kinyoya kikianguka huku, kigelegele. Kikianguka kule, kigelegele. Kikinasa wavuni, kigelegele vilevile. Mchezo huu una adabu zake: mchezaji akishika kinyoya kuanzisha, watu hunyamaza. Shangazi aliuona ukimya ule ndiyo nafasi ya kusikika vizuri. Nilimvuta buibui, wapi! Kina mama wa Kiindonesia, badala ya kunisaidia, walimrekodi kwa simu na kumwomba arudie. Christie akachukua seti ya kwanza 21-15. Pointi 36, vigelegele 36.

Sasa, Shangazi ana meno ya bandia ya juu, na meno hayo hushikwa na mate. Mtu amefunga tangu alfajiri, amepiga vigelegele seti moja na zaidi, mate atayatoa wapi? Seti ya pili ikikaribia kumalizika, kigelegele kilianza vizuri, kikapanda, halafu kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Kugeuka, namkuta ameziba mdomo kwa mtandio, macho yamemtoka, kidole kinaelekeza safu ya mbele.

Meno yalikuwa ndani ya kofia ya jaketi la bwana mmoja aliyekuwa amesimama akirukaruka. Kila akiruka, yalichungulia, meupe, yamekenua.

Nikaingiza mkono polepole. Akageuka. Haya, mkono wangu uko ndani ya nguo ya mtu nisiyemjua, kelele zile hata Kiingereza hakisikiki, jieleze uone. Nikafungua mdomo, nikayaonyesha meno yangu kwa kidole, nikatafunatafuna hewa. Akanitazama kwa huruma, akatoa mfukoni pakiti ya tende, akanionyesha, kisha akagonga saa yake ya mkononi na kutikisa kichwa. Bado. Vumilia.

Nilikuwa natafuta ishara nyingine ukumbi ulipolipuka. 21-14. Indonesia ilikuwa imeungoja ubingwa huo wa wanaume kwa miaka 30, na pointi ya mwisho inapigwa, mimi nilikuwa natazama tende.

Bwana yule akanirukia na kunikumbatia huku analia. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja. Wa pili nikauzamisha kofiani hadi kwenye kona ya chini, nikayapata, yana uvuguvugu.

Shangazi aliyapokea kwa kitambaa, akayatia mkobani. Kuyavaa kabla ya kuyaosha, hataki hata kusikia.

"Nani kafinda?" akauliza nyuma ya mtandio.

"Indonesia."

"Na aliyefindwa?"

"Indonesia."

"Ah, heri."

Magharibi ilitukuta nje, bado watu wanapiga picha na kupeana futari. Bwana wa jaketi akaja na pakiti yake, akawapita wazee, akampita hata Shangazi, akanijazia tende kiganjani na kunishika bega.

"Sasa ruksa," akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu. "Kula, ndugu yangu. Kula."